Muhula wa Mwisho na Stakabadhi za Pamba

Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ilizindua rasmi Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023. Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, mjadala umejikita katika hesabu ya miaka. Elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, elimu ya msingi itaishia darasa la sita, na darasa la saba, ambalo vizazi kadhaa vya Watanzania vimelijua kuwa lango la mwisho la shule, litabaki kuwa historia. Wapo wanaoshangilia na wapo wanaohofu. Wengi wanauliza kama madarasa yanatosha, kama walimu wanatosha, na itakuwaje mwaka 2027 ambapo darasa la sita na la saba wanatarajiwa kuhitimu kwa pamoja.

Hayo ni maswali halali. Hata hivyo, liko swali jingine ambalo sijalisikia likiulizwa kwa sauti: muhula wa mwisho wa shule ni wa kazi gani? Mtoto anapobakiza miezi mitatu kabla ya kufunga madaftari, je, miezi hiyo tuitumie kumwandaa kwa ajili ya mtihani, au kwa ajili ya asubuhi inayofuata baada ya mtihani? Ni rahisi kujibu kwamba yote mawili yafanyike. Mimi nilisoma katika darasa ambamo yote mawili yalijaribiwa kufanyika, na niliyaona yakigombana. Kwa kuwa mgogoro ule haujaisha mpaka leo, naomba msomaji aniruhusu niusimulie.

Nilisoma darasa la saba mwaka 1989, katika kijiji cha wakulima wa pamba kilichoko katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu na ambalo enzi hizo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Tulikuwa wanafunzi 46. Tulikaa watano katika dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watatu, na waliochelewa paredi walikaa sakafuni. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa yeye mwenyewe mhitimu wa darasa la saba. Msomaji kijana huenda akashangaa, lakini hiyo ndiyo historia yetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe darasani. Walimu wa kuwafundisha hawakuwapo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza elimu ya msingi, ikawafunza ualimu huku wakiwa tayari kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa waratibu. Watu waliwaita "walimu wa UPE", na neno hilo lilitamkwa kwa dharau. Nimesoma kwa maprofesa katika mabara mawili tangu wakati huo, na bado sijapata sababu ya kujiunga na dharau hiyo.

Siku ya kwanza ya muhula wa pili, mwezi Julai, mwalimu huyo aliingia darasani, akatuhesabu mmoja mmoja, akaandika ubaoni 46. Chini yake akaandika 3. Akatueleza kwamba mwaka uliotangulia wanafunzi watatu ndio waliochaguliwa kutoka shuleni kwetu kwenda sekondari ya serikali. Kisha akapiga hesabu ya kutoa na kuandika jibu, 43. "Hawa watatu," akasema, "watafundishwa na walimu wengine wenye shahada. Hawa arobaini na watatu, mwalimu wao wa mwisho ni mimi. Wanangu, sijui nani yuko upande gani. Kwa hiyo nitawafundisha wote kana kwamba mko upande wa arobaini na watatu."

Hakuwa akituvunja moyo. Alikuwa akisema kwa lugha ya ubaoni jambo ambalo Mwalimu Nyerere alikwisha kuliandika mwezi Machi 1967 katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo Nyerere alionyesha kwamba ni takribani asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ndio wangepata nafasi za sekondari, na akahitimisha kwamba elimu ya msingi haina budi kuwa elimu kamili, isiyokuwa tu maandalizi ya hatua ambayo wengi hawataifikia. Kufikia miaka ya themanini shule za msingi zilikuwa zimejaa kuliko wakati mwingine wowote, huku sekondari za serikali zikiwa chache mno. Kwa hiyo hoja ya 1967 ilikuwa na uzito zaidi mwaka 1989 kuliko siku ilipoandikwa.

Mwezi Julai huko kwetu ni msimu wa kuuza pamba. Mwalimu akatuagiza kila mmoja aje na stakabadhi ya mauzo ya nyumbani kwao. Siku ya pili zilikuja stakabadhi tisa tu, kwani baba wengi hawakutaka karatasi ya fedha ishikwe na mtoto. Tisa zilitosha. Tulijifunza kusoma kila safu: tarehe, uzito wa jumla, uzito wa gunia, uzito halisi, daraja, bei ya kilo, jumla ya malipo. Tulijifunza tofauti ya pamba safi na pamba fifi, na kwa nini mzigo uleule ukibadilishwa daraja huleta fedha tofauti. Shule yetu, kama shule nyingi za wakati ule, ilikuwa na shamba lake la pamba. Tulipima mavuno ya shamba hilo kwa mizani ya kuning'iniza, na kanuni ya kwanza aliyotupa ilikuwa kwamba kabla hujatazama uzito wa mzigo, tazama mshale uko wapi mizani ikiwa tupu.

Katika wiki ya pili msichana niliyekaa naye dawati moja aliinua mkono. Stakabadhi ya baba yake ilionyesha kilo 167 za pamba safi kwa bei ya shilingi 22. Yeye alikuwa amepata shilingi 3,674. Karatasi ilisema 3,476. Darasa zima tukaifanya hesabu ile upya, na jibu likawa la msichana. Minong'ono ikaanza, na neno "wizi" likasikika kutoka dawati la nyuma. Mwalimu akatutuliza. Akatuambia tutafute tofauti, tukapata 198. Akatuambia tuigawe kwa 9, tukapata 22 bila baki. Ndipo akatufundisha kanuni ambayo wahasibu wote wanaijua na ambayo haikuwa katika muhtasari wetu: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti kati ya namba sahihi na namba yenye kosa hugawanyika kwa 9 daima. Aliyeandika karatasi ile alikuwa ameipindua 6 na 4.

"Hesabu inatuambia kuna kosa," alisema. "Haituambii lilifanywa kwa nia gani. Nasi tusiseme zaidi ya hesabu."

Nimefundisha mbinu za utafiti chuoni kwa miaka mingi. Nimesoma vitabu vizito kuhusu mipaka ya ushahidi na hatari ya kuhitimisha kupita kile ambacho data inaruhusu. Hakuna hata kimoja kilicholisema jambo hilo kwa ufupi kuliko mwalimu yule wa darasa la saba.

Somo lililofuata lilikuwa la Kiswahili, naye aliliomba kwa mwenzake. Tuliandika barua rasmi kwenda kwa katibu wa chama cha msingi: anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua, maelezo ya kosa, ombi la marekebisho, hitimisho la heshima. Barua iliyochaguliwa ilikuwa ya msichana mwenyewe. Baba yake aliipeleka, na kabla wiki haijaisha alikuwa amelipwa shilingi zake 198. Habari ilienea. Wazee kwa vijana wakaanza kufika shuleni alasiri, wakiwa na stakabadhi zao mifukoni, zimekunjwa mara nne. Tulikaa chini ya mkwaju tukizikagua, wawili wawili, kila moja ikifanyiwa hesabu mara mbili na watu tofauti.

Kwa haki napaswa kueleza matokeo yote. Tulikagua stakabadhi thelathini na kitu, na zilizokuwa na kosa zilikuwa nne tu. Moja kati ya hizo nne ilikuwa na kosa la kumpendelea mkulima. Mwalimu hakumwamuru mzee yule afanye lolote. Alimwonyesha tu hesabu. Mzee alizirudisha fedha siku ya tatu, akinung'unika njia nzima kwamba shule imemtia hasara. Lakini hata wale ambao karatasi zao hazikuwa na kosa waliondoka na kitu ambacho hawakuja nacho, yaani uhakika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walikuwa na mali na walikuwa na daftari. Walichokosa ni mtu wa kulisoma upande wao.

Mgogoro ulikuja mwezi Agosti, baada ya mtihani wa moko. Shule yetu haikufanya vizuri. Mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi, na mashtaka dhidi ya mwalimu wa Hisabati yakatoka pande mbili. Wa kwanza kusema walikuwa wale waliokereka kwamba watoto wameachiwa kuchungulia mambo ya watu wazima. Hao hawakunisumbua, kwani hata kwa umri ule nilijua kinachowauma. Aliyenisumbua alikuwa mzee mmoja mtaratibu, aliyesimama mwishoni, akaweka kofia yake kifuani na kusema: "Mwalimu, pamba mimi naijua. Nililima nikiwa mdogo kuliko hawa. Nilimleta mtoto wangu shuleni ili atoke kwenye pamba. Wewe unamrudisha."

Sijawahi kusikia hoja nzito zaidi dhidi ya elimu ya kujitegemea, na nimesoma nyingi zilizoandikwa kwa tanbihi na marejeo. Ndani yake mna tuhuma ambayo wanazuoni wameirudia kwa maneno marefu: kwamba kumfundisha mtoto wa mkulima mambo ya ukulima, huku mtoto wa mkubwa akifundishwa kufaulu, ni kumfungia kila mtu katika tabaka alimozaliwa. Mzee yule hakuwa mjinga wala hakuwa adui wa shule. Alikuwa mzazi aliyejua kwamba mlango ni mwembamba, na aliyetaka kila saa ya mtoto wake itumike kuusukuma.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, nikikuahidi wewe kwamba wako atatoka, nitakuwa nimewadanganya wazazi arobaini. Nitawafundisha mtihani. Lakini sitawafundisha mtihani peke yake."

Uamuzi wa mwalimu mkuu ulikuwa wa kugawa siku. Asubuhi hadi saa nane mchana tulifanya karatasi za mitihani iliyopita: Lugha, Hisabati, Maarifa, kisha Lugha tena. Alasiri, kwa hiari ya mtoto na mzazi, tulirudi chini ya mkwaju. Wiki za mwanzo waliorudi walikuwa kama ishirini. Kadiri mwezi Septemba ulivyokaribia, tulibaki tisa.

Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, yalikuwa manne, na langu lilikuwa mojawapo. La msichana wa kilo 167 halikuwamo. Alama hatukuonyeshwa, wala sababu haikutolewa. Kwa miezi mitatu nilikaa ubavuni mwake nikinakili njia zake za hesabu, na hakuna aliyeweza kunieleza ni kwa kipimo gani mimi nilipita naye akabaki. Kwa mujibu wa takwimu za mwaka ule yeye alihesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Nilipokutana naye tena mwaka 2011 alikuwa mtunza hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Daftari lake lilikuwa na mistari iliyonyooka na tarehe kamili, na aliponiona nikilitazama alicheka akaniambia kwamba hesabu zisipolingana bado huanza kwa kugawa tofauti kwa tisa.

Sasa turudi katika zama zetu. Wapo watakaosema kwamba hofu ya mwalimu yule imepitwa na wakati. Sekondari za kata zimejengwa nchi nzima, ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na mtoto anayefaulu darasa la saba leo ana nafasi ya kuendelea ambayo sisi hatukuiota. Ni kweli, na ni mafanikio ambayo hayapaswi kubezwa. Lakini tazama kilichotokea ndani ya madarasa kwa kipindi hichohicho. Tangu mwaka 2012 karatasi za darasa la saba zilianza kusahihishwa kwa mashine, na kwa miaka kadhaa hata Hisabati ilijibiwa kwa kusiliba herufi. Ikaja desturi ya kambi, ambapo watoto wa miaka kumi na miwili hulala shuleni kwa wiki nyingi wakirudia maswali yaleyale. Shule zikajipima kwa nafasi zao katika orodha ya kitaifa. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, nami niliupongeza uamuzi huo. Lakini mabango ya matokeo bado yananing'inia kwenye malango ya shule, na wazazi bado tunayasoma kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Mazao ya utaratibu huo huja mbele yangu kila Oktoba au Novemba, mwaka wa masomo wa chuo kikuu unapoanza. Ni vijana werevu, wenye bidii, wenye alama nzuri. Swali lao la kwanza kuhusu mada yoyote ni kama itatoka katika mtihani. Siwalaumu, maana tumewafundisha kuuliza hivyo tangu wakiwa na umri wa miaka saba. Lakini jaribu kuwapa karatasi yenye namba halisi kutoka katika maisha yao, uone ukimya utakaofuata.

Mwaka jana nilifanya hivyo. Nilichukua mfano wa mikopo ile ambayo mitaani imepewa jina la "kausha damu". Tuchukulie mtu amekopa shilingi 100,000 na anatakiwa kurejesha 130,000 baada ya mwezi mmoja. Niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili: kwa kiwango hicho, riba ya mwaka ni asilimia ngapi? Kadhaa walijibu 30. Wachache walisema 360, hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba. Nilipouliza nani anamjua mtu aliyeingia katika mkopo wa namna hiyo, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko niliyoweza kuihesabu. Baadhi yao walikuwa watoto wa walimu.

Hizo ndizo stakabadhi za pamba za leo: mkataba wa mkopo uliosainiwa kwa haraka, ujumbe wa muamala ulioingia kwenye simu, masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo na kukubaliwa kwa kubonyeza kitufe. Watu wetu wana karatasi nyingi zaidi kuliko baba zao, na katika nyingi kati ya hizo hakuna anayesoma upande wao.

Ndiyo maana nasema sera mpya, pamoja na mema yake, imelihamisha swali bila kulijibu. Tukiifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, basi muhula wa mwisho utakuwa ule wa kidato cha nne. Huko nako watakuwapo watakaoendelea na watakaoishia hapo, na kwa watakaoishia hapo mwalimu aliye mbele yao atakuwa ndiye wa mwisho. Miaka mitatu ya nyongeza itakuwa na maana kubwa ikiwa itatumika kuwapa uwezo wa kusoma, kupima, kuandika na kudai. Ikitumika kwa mazoezi ya mtihani peke yake, tutakuwa tumeongeza urefu wa foleni tu.

Pendekezo langu si somo jipya. Nchi hii ina mazoea ya kugeuza kila jambo jema kuwa somo, kulitungia kitabu, kulipangia mtihani, na hatimaye kulisilibia herufi. Mwalimu wangu hakuwa na somo jipya. Alikuwa na Hisabati na Kiswahili vilevile vilivyokuwa katika muhtasari, akavielekeza kwenye karatasi zilizokuwa mifukoni mwa wazazi wetu. Kinachohitajika ni kumwachia mwalimu saa moja kwa siku katika muhula ule wa mwisho, isiyokaguliwa kwa alama za moko, na kumwamini kwamba anaijua jamii anayoifundisha. Wakaguzi wa shule, ambao siku hizi tunawaita wathibiti ubora, waulize kilichofanyika katika saa hiyo kabla ya kuuliza wastani wa shule.

Kwa mzee yule aliyeweka kofia yake kifuani, sina jibu la kumshinda. Alikuwa sahihi kutaka mlango upanuliwe, na umepanuka kwa kiasi kutokana na wazazi kama yeye kutonyamaza. Lakini mlango wowote, hata uwe mpana namna gani, una wanaobaki nje, nao wana haki ya kutoka shuleni wakiwa na kitu mkononi. Tunapohesabu miaka ya shule, tuwahesabu na hao.